Massey ya Bura

Watu wa Garissa wa rika langu wanaikumbuka Bura ya pamba. Mradi wa umwagiliaji ulianza kupokea familia mwaka 1981. Watu walikuja kutoka karibu kila pembe ya Kenya, wakapewa nyumba vijijini na kila familia kipande chake cha kulima. Mpango ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 1977 ulikuwa wa hekta 6,700, lakini zilizolimwa zilikuwa kama 2,500 tu. Maji ya mto Tana hayakuja kwa mteremko kama ilivyokusudiwa. Yalivutwa kwa pampu za dizeli. Dizeli ilipokosekana, na spea nazo zikakosekana, mifereji ikakauka na pamba ikafa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wakulima wale wale waliokuwa wakipeleka magunia kwenye kinu walikuwa wakipanga foleni ya mahindi ya msaada.

Bura ilikuwa nchi ya matrekta, maana udongo ule mzito haukulimika kwa jembe la mkono. Palikuwa na mitambo ya mradi, na palikuwa na watu binafsi walionunua matrekta ya mitumba ili kulimia wakulima kwa kukodi. Pamba ilipoondoka, kazi iliondoka. Trekta lililoharibika liliachwa pale pale lilipozimika, na mathenge, mti uliopandwa Bura miaka ya themanini ili watu wapate kuni, ukalizunguka. Mimi niliyaona hayo mwaka 1996, nilipokwenda na wazee wangu kuchukua moja la matrekta hayo na kulileta Garissa.

Wakati huo sisi tulikuwa na shamba la kikundi ukingoni mwa Tana, upande wa mji. Tulipanda ndizi, maembe, vitunguu na nyanya, tukavuta maji mtoni kwa pampu ndogo. Kikundi kilikuwa cha mchanganyiko. Walikuwamo watu wa mto, ambao kulima ni kazi ya babu zao, na walikuwamo Wasomali waliopoteza mifugo katika ukame wa 1984, wakashuka mtoni kujifunza jembe wakiwa watu wazima. Mwenyekiti alikuwa mjomba wangu, ndugu yake mama. Mweka hazina alikuwa mzee wa Kisomali ambaye sote, Msomali na asiye Msomali, tulimwita Adeer, kama mtu anavyomwita ndugu wa baba yake. Hakusoma, lakini hesabu za watu alikuwa nazo kichwani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila kazi, nikafanywa mwandishi. Nilichukuliwa safari ile kwa sababu hiyo tu: palihitajika mtu wa kuandika.

Habari za trekta zililetwa na fundi wetu. Alikuwa amesikia kuwa mwenye trekta mmoja, aliyekuwa akilimia watu Bura, anarudi kwao bara na anauza alichoacha. Lilikuwa Massey Ferguson 135. Aina hiyo ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi katikati ya miaka ya sabini, na injini yake ya Perkins ya silinda tatu ndiyo mafundi wengi wa Kenya waliyojifunzia kazi. Wanachama wengine walitaka tungoje, tupate trekta jipya kwa mkopo. Adeer aliwauliza swali moja: jipya likiharibika, nani hapa Garissa atalifungua? Hapakuwa na aliyejibu. Watu wakauza mbuzi, wengine wakatoa pesa za maembe, na siku ya safari ikapangwa.

Tulikodi lori la Isuzu lenye tela bapa, tela la ekseli mbili zilizokaa pamoja katikati. Dereva alikuwa mzee Mkamba aliyeijua barabara ya Hola tangu zamani, kabla Tana haujahama mkondo mwaka 1989 na kuuacha mradi wa Hola bila maji. Tulibeba mbao nene, minyororo, jeki mbili, pipa la maji, na gunia la unga lililojaa spana. Spana zile zilikuwa za inchi. Za lori zilikuwa za milimita na zisingekaa kwenye nati za Mwingereza, na fundi alizunguka soko zima kuzikusanya, moja hapa, moja pale. Nyuma waliketi askari wawili wa akiba wenye bunduki. Miaka ile hukuweza kusafiri barabara za huku bila ulinzi. Majambazi walikuwa wakivizia magari vichakani, na saa kumi na mbili jioni ikikukuta njiani ulikuwa umejitakia mwenyewe.

Kutoka Madogo, ng'ambo ya daraja la Garissa, hadi Bura ni takriban kilomita 100. Siku hizo ilikuwa barabara ya udongo, vumbi jekundu hadi ndani ya masikio. Mwaka ule mvua ilikuwa imegoma, kwa hiyo laga zote tulizovuka, mito ya msimu, zilikuwa mchanga mtupu. Tulifika kabla ya adhuhuri.

Trekta lilikuwa nyuma ya nyumba ya kijiji, mathenge umepita kati ya usukani na kiti. Rangi nyekundu ilikuwa imepauka ikawa kama tofali. Betri haikuwapo, taa hazikuwapo, na kuku walikuwa wametaga chini ya kiti. Mjomba alinitazama, nikajua moyo umemshuka. Fundi hakusema kitu. Alitoa kijiti cha kupimia oili, akaweka tone kwenye ukucha wa kidole gumba, akaligeuza juani, akalinusa. Kisha akajipenyeza mbele, akatia spana kubwa kwenye nati ya puli, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Puli ikasogea upana wa kidole. Akaacha, akapumua, akavuta tena, ikasogea tena. Ndipo akasimama na kujipangusa mikono kwenye suruali.

"Haijafunga," alisema. "Maji hayajaingia kwenye oili. Mzee, lipa."

Niliandika mapatano kwenye karatasi mbili za daftari, muuzaji akatia sahihi, mzee wa kijiji akashuhudia, Adeer akatia dole gumba. Pesa zilihesabiwa juu ya boneti.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulipunguza uzito. Tairi za nyuma za trekta la kulimia hutiwa maji ndani ili lishike ardhi vizuri linapovuta plau. Moja ilikuwa imekwisha upepo na maji yake siku nyingi, lakini ya pili ilikuwa bado imejaa. Fundi alipofungua valvu, maji yalirushwa kama mshipa uliokatwa. Watoto wa kijiji walikuja mbio na mitungi. Mama mmoja naye akaja na jerikeni, akakinga kidogo, akanusa, akamwaga. Yalinuka mpira. Adeer aliwaambia wasinyweshe hata mbuzi. Tulisimama pale tukiyatazama yakizama katika udongo wa mradi uliojengwa kwa ajili ya maji, na hakuna aliyekuwa na la kusema.

Kulipandisha kwenye tela lilikuwa jambo lingine. Trekta lile ni kama tani moja na nusu bila plau, na Bura hapakuwa na kreni ya kukodi. Dereva alizunguka kwa miguu kama nusu saa, akarudi na ufumbuzi. Palikuwa na mfereji mkavu uliopita chini ya barabara ya shambani. Kina chake kilifika kiunoni, sawasawa na urefu wa sakafu ya tela kutoka chini. Mbele kidogo ng'ombe walikuwa wamebomoa ukingo. Dereva aliliingiza lori mle ndani kupitia pale palipobomoka, akalirudisha nyuma polepole kwenye mfereji, sisi tukimwelekeza kwa kelele, mpaka nyuma ya tela ikagusa udongo wa barabara. Tukalaza mbao. Mfereji ambao haukuwa umepitisha maji kwa miaka ukawa gati yetu.

Vijana wa kijiji walikuja kusukuma kwa ahadi ya chai. Hapo dereva akatoa shauri: trekta liingie kinyumenyume, ili ekseli ya nyuma, ambako uzito wote uko, iwe mbele, karibu na lori. Vijana wakakataa. Kulisukuma kinyumenyume, usukani ukiwa mgumu vile, ni kazi ya siku nzima. Liingie kwa pua, watu wakapumzike. Wengi wakashinda. Dereva aliinua mabega akasema, "Haya, tutakutana barabarani."

Tulifunga kamba nyuma ya trekta, tukaizungusha mara mbili kwenye shina la mathenge, watu wanne wakaishika na kuilegeza kidogo kidogo, wengine wakasukuma. Mbao zililia. Gurudumu la kushoto lilipokanyaga bati la tela, nyuma ya tela ilishuka na lori likainuka mkia kidogo, nasi tukanyamaza mpaka likatulia. Fundi akaweka gia, akakaza breki, akafunga minyororo kwenye pembe nne. Kisha akafanya jambo nililolielewa baadaye. Ekseli ya mbele ya trekta haikufungwa imara. Huchezea kwenye pini katikati ili magurudumu yafuate mashimo ya shamba. Ukifunga mnyororo kwenye ekseli peke yake, mwili wa trekta utaendelea kuyumba juu yake. Fundi alichonga kabari mbili za mti, akazipigilia kati ya ekseli na mwili, kila upande moja. Tangu siku hiyo, nikiona trekta limepakiwa bila kabari hizo, hulikimbia.

Hatukwenda mbali kabla maneno ya dereva hayajatimia. Kila alipokanyaga mafuta, tela lilianza kutikisa mkia, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu hata askari wakaruka chini. Uzito ulikuwa umekaa nyuma ya ekseli za tela na ulikuwa ukiinua mkia wa lori. Dereva hakutukumbusha aliyosema. Tulilegeza minyororo tukalisogeza trekta mbele kwa jeki na mnyororo, kidogo kidogo, hadi pua yake ikakaribia bodi la lori. Plau, pipa la maji na kila kitu kizito vikahamishiwa mbele kabisa. Tela likatulia. Lakini jua lilikuwa limekwenda.

Kwenye laga ya pili mtu alikuwa ameacha matawi ya mathenge aliyokata kwa ua. Mwiba wa mathenge hauheshimu tairi. Tuliisikia moja ya tela ikipumua, na mara ya pili nyingine. Tulikuwa na tairi moja ya akiba. Giza liliingia tukiwa bado tunabandika viraka, na askari wakakataa tuwashe moto. Wafugaji wa Kiorma wenye boma karibu na pale walisikia vyuma vikigongana wakaja kuuliza. Mzee wao alizungumza na Adeer kwa muda mrefu, kila mmoja akitaja ukoo na visima na nani alikufa ukame wa lini. Uhusiano wa watu wa mto na wafugaji wa Tana haujakuwa wa amani siku zote, na mjomba alikaa kimya akiisikiliza mizania ya maneno yale. Mwishowe tuliletewa kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, na vijana wao wawili wakakesha nasi. Asubuhi mzee yule alitaka kitu kimoja tu: aketi juu ya kiti cha trekta. Alipanda telani, akaketi, akashika usukani, akatazama mbele kwa utulivu, kisha akashuka bila kusema neno.

Tuliingia Madogo kabla ya saa nne, tukasimama kwenye kizuizi cha daraja. Wageni hushangaa wanapoambiwa kuwa kwetu mtu akivuka daraja lile kuelekea bara husema anakwenda Kenya. Sheria za hali ya hatari zilizoiandama Kaskazini Mashariki tangu miaka ya sitini ziliondolewa mwaka 1991 tu, na tangu ukaguzi wa mwaka 1989 Mkenya wa asili ya Kisomali alitakiwa aonyeshe kadi ya rangi ya waridi pamoja na kitambulisho. Adeer alizitoa zote mbili kabla hajaulizwa, kama alivyozoea. Askari kijana akazitazama, akamrudishia, kisha akatazama juu ya tela.

"Na huyu mzee mwekundu, kipande chake kiko wapi?"

Nilimpa karatasi ya mapatano. Aliisoma yote. Akaniambia kuwa baba yake anayo Massey kama ile kwao, na kwamba tuangalie nozeli kabla ya kitu kingine. Akafungua kizuizi.

Fundi hakuruhusu mtu kugusa ufunguo kwa wiki nzima. Aliosha tangi, akabadilisha oili, akapeleka nozeli Nairobi zikapimwe, na akaagiza filta huko huko, barabara ya Kirinyaga. Siku ya kuliwasha, shamba zima lilikuja. Alilegeza nati za mabomba ya dizeli moja baada ya nyingine, mimi nikikandamiza kijiti cha pampu, mpaka mapovu yakaisha na dizeli ikatoka safi. Lilikohoa moshi mweupe, likazima. Likakohoa tena, moshi ukageuka mweusi, na mara silinda zote tatu zikaitikia. Akina mama walipiga vigelegele. Adeer aliondoka akaenda kutafuta daftari langu.

Hapo ndipo alipoweka sheria ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa na thamani kuliko trekta lenyewe. Ngamia hakamuliwi kabla hajala, alisema. Kila ekari itakayolimwa, iwe ya mwanachama au ya mtu wa nje, sehemu ya pesa iwe haki ya chuma: iingie kwenye kopo lake, isiguswe kwa harusi, msiba wala karo, itoke kwa filta, oili na tairi tu. Faida igawanywe baada ya hapo. Nami niandike kila saa ya kazi, kila lita ya dizeli, na kila spea pamoja na siku iliyofungwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo nilikuwa nimefundishwa shuleni, lakini mzee asiyejua kusoma ndiye aliyenionyesha inavyofanya kazi.

Sheria ile ilijaribiwa upesi. Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño ziliufurisha Tana. Mto ulipanda ukabeba migomba, pampu na hata udongo wenyewe. Barabara ya Nairobi ilikatika, chakula kikaletwa kwa ndege, na Homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Trekta tulikuwa tumelipandisha mahali pa juu. Wakati lori haliwezi hata kutoka kituoni, Massey ilikuwa ikivuta magari topeni, na tela dogo nyuma yake likibeba unga na wagonjwa. Maji yalipopungua, wakulima wengi hawakuwa na kitu cha kuanzia. Sisi tulikuwa na kopo. Haikuwa pesa nyingi, lakini ilitosha filta, oili na tairi za mbele, tukalima mapema, na majirani wakatukodi.

Lilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Kiwanda cha Coventry kilifungwa mwishoni mwa 2002, lakini spea hazikukatika, kwa sababu injini ya aina ile iliendelea kuundwa Pakistan na kwingineko. Adeer alifariki, mjomba akazeeka, wanachama wakatawanyika. Tulipoliuza, lilikwenda likinguruma lenyewe, na mnunuzi alitaka daftari pia. Tulimpa nakala.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti nyingi nchini zimenunulia wakulima matrekta, na ni jambo jema. Vijana wa vikundi vipya vya Tana huja kuniuliza ni aina gani bora. Aina si swali la kwanza. Muulizeni fundi wenu kama anaweza kulifungua na kulifunga, muulizeni mwenye duka kama spea zake zinapatikana, na siku mnayolipa bei yake, kabla hamjalipandisha kwenye tela, fungueni daftari na mwandike haki ya chuma kwenye ukurasa wa kwanza.